Nundu Iliyo Majini

Wengi huamini kwamba rubani wa ndege ya maji hana haja ya kupigia hesabu nafasi, kwani ziwa zima ni uwanja wake. Ndivyo sivyo.

Machi 1939, Corsair, ndege ya Imperial Airways, iliondoka Port Bell, Uganda, kuelekea Juba, ikapotea njia. Ilitua kwenye mto Dungu, Kongo ya Wabelgiji, ikatobolewa na mwamba. Kutua kulimalizika upesi, maana maji yenyewe ni breki. Kuondoka kulichukua karibu miezi kumi! Jaribio la Julai liligonga mwamba mwingine. Vibarua wakajenga bwawa kuinua kina cha mto, na Januari 1940 ndege ikapaa.

Kikwazo kikubwa huwa katikati ya mbio za kupaa. Mwanzoni ndege husukuma maji kama mashua nzito, na ukinzani hupanda mpaka kilele ambacho marubani hukiita nundu. Injini isipokuwa na nguvu za ziada hapo, ndege itaunguruma na kurusha povu hadi mafuta yaishe, hata ikipewa bahari nzima. Ikiivuka, huanza kuteleza juu ya maji na mwendo huongezeka haraka. Ndiyo maana tumbo lake hukatwa ngazi kwa chini: hewa huingia hapo na kuvunja mnato, ule unaokifanya kisahani kilicholowa king'ang'anie kikombe.

Ajabu ni kwamba maji yaliyotulia tuli ndiyo mabaya zaidi. Hayana viwimbi vya kuingiza hewa, hivyo rubani huzunguka kwanza ayavuruge mwenyewe. Na mzigo? Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali wa kupaa huongezeka kwa asilimia 21 au zaidi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa nyepesi na joto la mchana huurefusha zaidi umbali huo.

Kisumu ilikuwa kituo cha ndege hizo miaka ya 1930. Leo magugumaji huziba Ghuba ya Winam, ulipo mji huo, msimu baada ya msimu, nasi tumeyazoea mno. Yakizungumzwa, huzungumzwa kwa ajili ya samaki tu, kana kwamba ziwa halikuwahi kuwa njia.

Kwingineko ndege hizi hubeba watalii Maldivi, barua na wagonjwa Alaska, na maji ya kuzima moto: Canadair CL-415 huchota zaidi ya lita 6,000 kwa sekunde 12 hivi, ikiwa bado inateleza.