Chama Kinapowafungulia Mlango Wasio Wanachama

Chama cha mrengo wa kulia wa wastani, yaani kile kinachotetea soko huria, kodi nafuu na kudumishwa kwa taasisi za jadi bila ya kuingia katika misimamo mikali, huaminiwa kwa uthabiti wake, lakini uthabiti huohuo hugeuka ukuta pale jamii inapobadilika nacho kikabaki palepale. Hayo ndiyo yaliyokifika chama cha Conservative cha Uingereza, kilichoshindwa na Labour katika chaguzi tatu mfululizo, 1997, 2001 na 2005, na ambacho mwenyekiti wake, Theresa May, aliwatahadharisha wajumbe wa mkutano mkuu wa 2002 mjini Bournemouth kwamba wapo waliokiona kuwa chama chenye roho mbaya.

David Cameron, aliyechaguliwa kukiongoza Desemba 2005 akiwa na umri wa miaka 39, alianza na yanayoonekana kwa macho: nembo ya mwenge iliachwa ukachorwa mti wa mwaloni, naye akasafiri hadi Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norway, akapigwa picha akiendesha sleji inayokokotwa na mbwa, ili kuonyesha kuwa utunzaji wa mazingira si hoja ya wapinzani peke yao. Zito zaidi lilikuwa suala la wagombea, kwa kuwa wabunge wake wanawake walikuwa 17 tu mwaka 2005. Makao makuu yaliandaa orodha ya wagombea wa kupewa kipaumbele, na uchaguzi wa 2010 ukaingiza wanawake 49.

Hatua iliyogusa mizizi ilichukuliwa mwaka 2009 katika jimbo la Totnes, kusini-magharibi mwa England, ambako kura za maoni, yaani uteuzi wa mgombea ndani ya chama, zilipigwa kwa posta na karatasi ikatumwa kwa kila mpigakura, hata mfuasi wa chama pinzani. Takriban robo yao walizirudisha, na aliyeshinda ni daktari, Sarah Wollaston.

Serikali ya mseto iliyoundwa na Conservative na Liberal Democrats mwaka 2010 iliahidi kugharamia kura 200 za aina hiyo, ahadi ambayo haikutekelezwa. Wollaston, kwa upande wake, aliipinga serikali ya chama chake mara kadhaa bungeni, na mwaka 2019 akakihama. Nembo hubadilishwa bila ya kiongozi kupoteza chochote, ilhali mbunge aliyeteuliwa na jimbo zima hana deni kwa makao makuu, na chama kinachotaka kurudi kwa wananchi hakina budi kukubali kwamba mtu wao atasema yao.