Breki za pikapu kuukuu zala faida ya msimu

ALIZETI ikianza kuvunwa, pikapu kuukuu ndiyo mtaji wa mfanyabiashara mdogo wa Unyambwa, katika Manispaa ya Singida. Gari likilala gereji siku tatu, magunia hubaki shambani na bei ya viwanda vya kukamua mafuta haimngoji mtu. Ndiyo maana wapo wanaoahirisha matengenezo ya breki hadi msimu upite. Hesabu hiyo ni mbovu, hasa kwa anayepeleka vitunguu Nzega au Mwanza, kwani njiani upo mteremko wa Sekenke, wilayani Iramba.

Dalili hazifanani, na dawa zake hali kadhalika. Pedeli ikibonyea kama sponji, kuna hewa kwenye mabomba. Hutolewa kwa kufungua skrubu ndogo ya kila gurudumu, kwa kawaida kuanzia lililo mbali zaidi na masta silinda, huku msaidizi akikanyaga. Pedeli ikiwa chini lakini ikapanda na kukaza baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, mara nyingi viatu vya nyuma vimelika au viko mbali na dramu. Pengine ni kazi ya kurekebisha tu, bila kununua kitu.

Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna mvujo unaoonekana, mipira ya masta silinda imechoka. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mteja huuziwa masta silinda nzima, wakati mipira peke yake ingetosha iwapo ukuta wa ndani haujachimbwa na kutu.

Gari likivuta upande mmoja, upepo wa matairi hupimwa kwanza, maana ni rahisi. Kisha hutazamwa kalipa iliyoganda, au silinda ya gurudumu inayovuja. Viatu vilivyolowa oili havioshwi. Hubadilishwa, kushoto na kulia kwa pamoja. Vumbi la dramu nalo lisipulizwe: katika magari ya zamani huenda lina asbesto.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya hutakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishalowa unyevu, kiwango hushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu na mzigo mzito oili hiyo huchemka, mvuke ukaingia mabombani, na pedeli ikagota sakafuni. Kuibadilisha kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo. Anayejazia oili ya injini kwa kubana matumizi hununua mipira ya mfumo mzima, kwa kuwa yote huvimba.

Matengenezo yakiisha, gari hujaribiwa likiwa tupu, kisha na nusu ya mzigo, mahali tambarare. Na Sekenke hushukwa kwa gia ile ambayo gari lingehitaji kuupanda, breki zikikanyagwa kwa vipindi vifupi.