Hujui Kichina? Bado utaielewa 'Safari ya Magharibi' jukwaani

Umepata nafasi ya kuona riwaya maarufu ya China ikiigizwa jukwaani, lakini wewe ni mtu wa Singida na Kichina chako kinaishia kwenye 'ni hao'? Usikate tamaa.

Anza na hadithi. 'Safari ya Magharibi' ilichapwa mwaka 1592 na ina sura 100. Mtawa Xuanzang anakwenda India kuleta vitabu vya dini ya Budha. Mlinzi wake ni Sun Wukong, tumbili mkorofi aliyewahi kuivuruga mbingu nzima. Kama umekulia hadithi za sungura, utamzoea haraka: ni mdogo, ila wakubwa wanamkoma.

Sura 100 haziishi usiku mmoja. Mara nyingi huigizwa kisa kimoja au viwili tu, hivyo ulizia ni kipi na usome muhtasari wake kabla hujaingia.

Ukishakaa, fuata ishara. Kwenye opera ya Peking farasi haletwi jukwaani: msanii akishika mjeledi wenye vishada, ujue amepanda farasi. Akizunguka jukwaa, amesafiri mbali. Askari wanne? Hilo ni jeshi zima.

Na zile sarakasi za Wukong si ngeni kwetu. Miaka ya 1960 Tanzania ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, wakarudi nazo nyumbani.

Kwa hiyo maneno yakikupita, mwangalie tumbili. Mwili wake unasimulia.