Damu ya wachangiaji ilivyofichua kuenea kwa korona

Katikati ya mwaka 2020 mzee mmoja alinijia kliniki hapa Itumbe kupimwa presha. Barakoa yake alikuwa ameishusha hadi kidevuni. Nilipomwomba aipandishe, alicheka. "Daktari," akaniambia, "huo ni ugonjwa wa Nairobi na Mombasa. Hapa kwetu umemwona nani?"

Ukweli ni kwamba sikuwa na la kumjibu. Kila siku Wizara ya Afya ilitangaza idadi ya walioambukizwa, lakini mimi sikuwa nimemtibu hata mgonjwa mmoja aliyethibitishwa. Je, mzee alikuwa amesema kweli? Au ugonjwa ulikuwa umetufikia bila sisi kuuona?

Wakati huo huo wataalamu walikuwa wakilitafuta jibu mahali ambapo wengi wetu hatungefikiria: katika damu ya watu wazima wenye afya, waliojitolea kuwasaidia wengine.

KWA NINI HESABU YA WAGONJWA HAIKUTOSHA

Kisa cha kwanza cha korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tangu siku hiyo, waliohesabiwa ni wale tu waliopimwa kwa kijiti cha puani au kooni na kukutwa na virusi. Kipimo hicho ni kizuri, lakini huonyesha virusi vilivyomo mwilini siku hiyo. Mtu akishapona, virusi huondoka na kipimo hakionyeshi kitu.

Tena, wengi walioambukizwa hawakuugua kabisa au walipata mafua madogo tu. Mtu wa namna hiyo hakwenda hospitali, na hata angekwenda, vipimo vilikuwa vichache. Ni sawa na mkulima anayetaka kujua idadi ya fuko shambani kwake kwa kuhesabu wale walionaswa mtegoni. Walio chini ya migomba hawaoni, ingawa ndio wanaokula mizizi.

KINGAMWILI NI NINI?

Virusi vinapoingia mwilini, damu hutengeneza silaha za kupambana navyo. Silaha hizo huitwa kingamwili. Kila aina ya virusi huwa na kingamwili zake. Za korona huanza kuonekana vizuri kwenye damu baada ya wiki mbili hivi, na hubaki kwa miezi mingi baada ya virusi kutoweka.

Kwa hiyo, kingamwili ni kama nyayo kwenye njia yenye matope. Aliyepita humwoni, lakini unajua kwamba alipita. Ukipima damu ya watu wengi, utaweza kukadiria ni wangapi waliowahi kuambukizwa, wakiwemo wale ambao hawakujua.

DAMU ILITOKA WAPI?

Kupita nyumba hadi nyumba ukitoa watu damu ni kazi ghali, na wakati ule watu walikuwa wakihimizwa wasikaribiane. Wataalamu wa KEMRI na Wellcome Trust walioko Kilifi walipata njia nyingine. Waliungana na Huduma ya Kitaifa ya Uongezaji Damu, ambayo tayari ilikuwa ikipokea damu kutoka sehemu nyingi za nchi. Kila mchangiaji hutolewa kiasi kidogo cha damu kwa ajili ya vipimo vya kawaida. Kilichobaki baada ya vipimo hivyo ndicho kilichotumiwa. Majina yaliondolewa, yakabaki mambo kama umri, jinsia na kaunti.

Kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020, walipima damu ya wachangiaji 3,098.

HESABU ILIVYOFANYWA

Waliokutwa na kingamwili walikuwa 174, yaani asilimia 5.6. Mtu angedhani kazi imekwisha hapo. Lakini hakuna kipimo kisichokosea, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji anifuate polepole.

Kwanza, wataalamu walipima damu 910 zilizohifadhiwa Kilifi tangu mwaka 2018, kabla virusi hivi havijajulikana duniani. Zote zilipaswa kuonyesha kwamba hakuna kitu. Hata hivyo, 9 zilionekana kama zina kingamwili. Hiyo ni damu moja katika kila mia. Maana yake ni kwamba hata kama hakuna Mkenya hata mmoja aliyeambukizwa, kati ya wale wachangiaji 3,098 watu kama 31 wangehesabiwa kimakosa.

Pili, walipima damu 179 za watu waliojulikana kwamba waliambukizwa. Kipimo kiliwatambua 166 na kuwakosa 13. Kwa hiyo kulikuwa na makosa ya aina mbili: kuwahesabu wasiohusika na kuwakosa wanaohusika. Ukiyasahihisha yote mawili, ile asilimia 5.6 inashuka hadi karibu 5.

Tatu, wachangiaji damu hawalingani na wananchi wote. Wanaume huwa wengi kuliko wanawake, na baadhi ya kaunti hutoa wachangiaji wengi kuliko nyingine. Wataalamu walirekebisha hesabu ili ifanane na idadi ya watu kwa umri, jinsia na mahali. Mwishowe walipata asilimia 4.3, wakieleza kwamba ukweli huenda uko kati ya 2.9 na 5.8.

MATOKEO YALISEMA NINI?

Mombasa ilikuwa na asilimia 8.0, Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5. Sasa linganisha. Kufikia katikati ya uchunguzi huo, waliotangazwa nchini kuwa wameambukizwa walikuwa 2,093, na waliofariki 71. Lakini asilimia 4.3 ya Wakenya wa kati ya miaka 15 na 64, ambao ni karibu milioni 27, ni zaidi ya watu milioni 1. Kwa kila mmoja aliyehesabiwa, mamia hawakuhesabiwa.

Uchunguzi uliendelea. Baada ya kupima wachangiaji 9,922, wataalamu walikadiria kwamba kufikia tarehe 1 Septemba 2020 kiwango kilikuwa asilimia 9.1 nchini, na 22.7 Nairobi. Katika damu zilizotolewa kati ya Januari na Machi 2021, kilikuwa kimefika asilimia 48.5.

Hapo ndipo nilipopata jibu la mzee wangu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, wanaoishi mijini ni kama asilimia 31 tu ya Wakenya. Hata kama kila mtu wa mjini angeambukizwa, hatungefika karibu nusu ya nchi. Lazima ugonjwa uwe ulishaingia vijijini, kwenye mashamba ya chai na migomba kama yetu. Wala si ajabu. Nairobi ilipofunguliwa mwezi Julai 2020, baada ya kufungwa tangu Aprili, wengi walipanda magari kuja nyumbani.

TAHADHARI ZA KUZINGATIA

Njia hii ina mipaka yake. Watoto na wazee hawachangii damu, kwa hiyo hatujui yao. Kingamwili nazo hupungua baadaye, na wengine wanaweza kukosa kuhesabiwa. Pia chanjo, iliyoanza kutolewa nchini Machi 2021, huleta kingamwili za aina iliyopimwa, hivi kwamba huwezi tena kumtofautisha kwa kipimo hicho aliyechanjwa na aliyeambukizwa.

Tena njia hii haifai kwa kila ugonjwa. Chukua UKIMWI. Wanaotaka kuchangia damu huulizwa maswali, na walio katika hatari ya kuwa na virusi hivyo hawaruhusiwi. Ukitumia damu yao kukadiria UKIMWI, utapata kiwango kidogo kuliko ukweli. Ndiyo maana tangu mwaka 1990 Kenya ilitegemea damu ya akina mama wajawazito katika kliniki, na baadaye uchunguzi wa nyumba hadi nyumba. Korona ni tofauti kidogo, kwani huenezwa kwa pumzi, na mwenye afya na asiye na afya hupanda matatu moja.

WANAYOULIZA WENGI

Je, mchangiaji mwenye kingamwili alikuwa mgonjwa? La. Zinaonyesha kwamba aliwahi kuambukizwa. Wengi wao walikuwa wamekwisha kupona.

Je, damu yake ingemdhuru aliyeongezewa? Korona haijaonekana kuenezwa kwa damu ya kuongezewa. Magonjwa ambayo damu hupimwa kabla ya kutumiwa ni virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende.

Je, kwa kuwa waliofariki walihesabiwa wachache, ugonjwa ulikuwa mwepesi? Hapa tuwe waangalifu. Wakenya wengi ni vijana, na vijana waliuhimili vizuri. Lakini wako waliofia nyumbani bila kupimwa, na hao hawamo katika hesabu yoyote.

Mzee yule alimzika ndugu yake mkubwa mwaka 2021, baada ya siku chache za homa na kukosa pumzi. Hakupimwa, kwa hiyo siwezi kusema ni nini kilichomuua. Baada ya mazishi mzee alikuja tena kupimwa presha, na safari hii barakoa ilikuwa imefunika pua. Hakuuliza tena nimemwona nani.

Kwa wasomaji wenye afya nina ombi moja. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria hawawezi kungoja jamaa watafutwe. Ikiwa una umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, nenda hospitali yenye kituo cha damu ukapimwe, ukifaa uchangie. Damu hiyo itamwokoa mtu mmoja, na pengine, kama ilivyokuwa mwaka 2020, itatufundisha sote.