Kufiwa na mbwa au paka si jambo la kuonea haya

Umerudi nyumbani jioni kutoka kazini. Kwa miaka 12 mbwa wako amekuwa akikulaki langoni huku akitikisa mkia. Leo lango li kimya, na sahani yake ingali pembeni mwa jikoni. Machozi yanakulengalenga lakini unayafuta upesi kabla jirani hajakuona. Utamwambia nini? Yamkini atakujibu: "Kwani si mbwa tu? Tafuta mwingine."

Jibu kama hilo ndilo huzidisha uchungu. Mnamo 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika kuhusu majonzi ambayo jamii haiyatambui. Mwenye majonzi hayo haketiwi matanga, hapewi pole wala ruhusa ya kukosa kazini. Kifo cha mnyama anayependwa ni mfano mmojawapo. Huzuni ya aina hii haipungui kwa kufichwa. Huwa nzito zaidi kwa sababu mtu huibeba peke yake.

Mwili nao huathirika. Hamu ya chakula hupotea, usingizi huruka na kifua hubana. Wengine hudhani wanasikia kucha zake zikigonga sakafu. Usiogope, hujapatwa na wazimu. Akili iliyozoea jambo kwa miaka mingi huhitaji muda kukubali kwamba halipo tena.

Dini zasemaje?

Waumini wengi hujiuliza iwapo ni halali kumlilia mnyama. Katika Injili ya Luka, Yesu anafundisha kwamba hata shomoro, ndege wa bei ndogo sokoni, hasahauliwi na Mungu. Kitabu cha Mhubiri nacho chasema binadamu na mnyama wana pumzi moja na wote hurudi mavumbini. Kwa upande wa Waislamu, sura ya Al-An'am inaeleza kuwa wanyama ni umma kama sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao.

Iwapo utamwona tena paka wako huko akhera, hilo wanazuoni hawajaafikiana. Hata hivyo, dini zote mbili zinafunza kwamba uhai wa kiumbe ni mali ya Muumba, nawe ulipewa amana tu. Hapa ndipo penye faraja. Huenda unajilaumu kwamba ulichelewa kumpeleka kwa daktari wa mifugo, au kwamba ulikubali adungwe sindano ya kumwondolea mateso. Jiulize: je, nilimlisha? Nilimtibu kwa kadiri ya uwezo wangu? Aliyeitunza amana hana deni inaporudi kwa Mwenyewe.

La kufanya

Mpe buriani. Ikiwa una uwanja, mzike katika shimo la kina kirefu, na aliye na neno la shukrani aliseme. Ikiwa unaishi katika nyumba ya kupanga, muulize daktari wa mifugo kuhusu mahali pa kumpeleka. Lakini ikiwa kabla ya kufa alibadilika tabia, akawa akiuma ovyo au kutokwa na mate mengi, usimguse. Huenda ni kichaa cha mbwa. Wajulishe maafisa wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kupata chanjo.

Waambie watoto ukweli. Ukisema "amelala," mtoto aweza kuogopa kitanda chake. Ukisema "amesafiri," atamngoja langoni kila siku. Sema amekufa, na kwamba hatarudi. Aghalabu hicho ndicho kifo cha kwanza mtoto kukiona, na jinsi utakavyolia mbele yake ndivyo atakavyojifunza kuomboleza.

Usiharakishe kuleta mwingine ili kuziba pengo. Mtafute mtu asiyekucheka, awe rafiki, padri au imamu, umweleze yaliyo moyoni.

Majonzi huja na kuondoka kama mawimbi, na kwa kawaida hupungua. Iwapo wiki mbili zimepita na kila siku bado huwezi kula, kulala au kufanya kazi, mwone daktari. Na ukipatwa na wazo la kujitoa uhai, usingoje hata siku moja: mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke hospitalini mara moja.

Kwa sasa, msomaji, pokea ile pole ambayo jirani hakukupa.