Risasi ya Hewani Huangukia Wapi? Kompyuta na Ukokotozi wa Njia ya Risasi

Viwanja vya Sinza, jijini Dar es Salaam, vilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma, pamoja na vile vya Kijitonyama na Mikocheni. Leo eneo hilo limejaa nyumba, maduka, shule na vituo vya daladala, na si rahisi kumpata mtu asiye na jirani ng'ambo ya ukuta. Katika mazingira ya namna hiyo, swali la fizikia ambalo huonekana la darasani tu hugeuka kuwa swali la maisha ya watu: risasi iliyopigwa hewani huangukia wapi, na kwa mwendo gani?

Tarehe 16 Februari 2018 iliwagusa wakazi wa upande huo wa jiji. Siku hiyo, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji huko Kinondoni, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ndani ya daladala alipigwa na risasi akafariki. Hakuwa miongoni mwa waandamanaji.

Mwanafunzi wa sekondari anayo kanuni ya kujibu swali hilo, lakini kanuni hiyo humdanganya. Tuchukue risasi ya bunduki ya AK-47. Uzito wake ni gramu 8 hivi, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 715 kwa sekunde. Ikirushwa kwa pembe ya nyuzi 45, kanuni ya vitabuni husema kwamba masafa yake ni mraba wa mwendo huo ukigawanywa kwa mchapuko wa graviti, yaani 715 mara 715, kugawa kwa 9.8. Jibu ni mita 52,000 na zaidi. Risasi iliyopigwa Sinza ingepita juu ya Kibaha na kuendelea mbele! Kwa kweli, maelekezo ya silaha hiyo hutaja mita 3,000 kuwa ukomo wa risasi yake. Tofauti ni zaidi ya mara 17, na kosa la ukubwa huo haliwezi kuitwa kosa dogo la makadirio.

Kilichosahauliwa ni hewa. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alionyesha kwamba kitu kilichorushwa hufuata njia ya parabola, na kwa jiwe la mkononi jambo hilo ni kweli ya kutosha. Lakini mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa pendulamu: alipiga risasi kwenye gogo zito lililoning'inizwa, akapima jinsi lilivyosukumwa, na hivyo akaujua mwendo wa risasi katika umbali mbalimbali. Aligundua kwamba hewa huizuia risasi kwa kani kubwa kuliko watu walivyodhani. Kwa risasi tunayoizungumzia, ukinzani wa hewa pale inapotoka mtutuni hupita uzito wake zaidi ya mara 50. Ndiyo kusema kwamba, mwanzoni mwa safari, graviti ambayo vitabu huishughulikia peke yake ni kani ndogo sana ikilinganishwa na ile vinayoiacha.

Ugumu ni kwamba ukinzani huo haukai mahali pamoja. Hupungua kadiri mwendo unavyopungua, na hubadilika ghafla risasi inapokaribia mwendo wa sauti, ambao katika joto la Dar es Salaam ni karibu mita 348 kwa sekunde. Hutegemea pia uzito wa hewa yenyewe: Arusha, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo hakuna kanuni moja fupi ya kutoa jibu. Katikati ya karne ya 18 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha njia ya kuuzunguka ugumu huo, nayo ni kuigawa safari katika vipande vifupi na kukikokotoa kila kipande peke yake.

Programu ya kompyuta hufanya hivyo hivyo. Hupewa uzito wa risasi, umbo lake, mwendo wa kuanzia, pembe, joto na kanieneo ya hewa. Kisha huchukua muda mfupi, tuseme sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika muda huo risasi yetu husogea mita 7 na kupoteza mwendo wa karibu mita 6 kwa sekunde. Programu huandika mahali papya na mwendo mpya, husoma katika jedwali ukinzani unaolingana na mwendo huo, na huanza tena. Safari ya nusu dakika ni hatua 3,000 za namna hiyo. Hakuna hatua iliyo ngumu. Taabu ni wingi wake.

Wingi huo ndio uliozaa mashine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Marekani lilihitaji majedwali ya kulengea mizinga, na mtu hodari mwenye mashine ya kujumlisha alitumia saa 20 hivi kukokotoa njia moja tu. ENIAC, kompyuta iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuonyeshwa hadharani mwezi Februari 1946, iliimaliza kazi hiyo kwa nusu dakika. Ilikuwa na uzito wa tani 30 na vali za kielektroniki zipatazo 18,000. Hapa Tanzania kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi za hesabu za fedha, na mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku kwa miaka kadhaa. Leo simu ya mkononi ya mwanafunzi yeyote wa Sinza hukokotoa njia ya risasi kabla kidole hakijaondoka kwenye kioo. Wawindaji na walenga shabaha hutumia programu hizo, na wapangaji wa viwanja vya shabaha huzitumia kujua ni eneo gani nyuma ya shabaha lisikanyagwe na mtu.

Majibu yake yanafaa kutazamwa juu ya ramani. Pembe ya kuifikisha risasi mbali kabisa si nyuzi 45 tena, bali ni kama 30 hadi 35. Duara la kilomita 3 kutoka Sinza huingiza Kijitonyama, Manzese, Mwenge na sehemu za Ubungo. Humo ndimo risasi ya hewani itakamotua. Ikipigwa wima kabisa, hewa huipunguza sana inaporudi. Majaribio ya Mmarekani Julian Hatcher huko Florida, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, yaliona risasi za bunduki zikishuka kwa mita 90 hivi kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya kilomita 320 kwa saa, nazo zatosha kumjeruhi mtu vibaya, hata kumwua ikimpata kichwani. Lakini ni nani apigaye wima kabisa? Risasi iliyoinamishwa kidogo huendelea kutanguliza ncha, hivyo hushuka kwa kasi kubwa zaidi. Wasemao kwamba risasi ya hewani huishia hewani hawajaifanya hesabu hii.

Programu nayo ina upofu wake. Hudhani kwamba risasi haigusi kitu njiani. Ikigonga lami, nguzo au ukuta wa zege, hupinda umbo, hubadili mwelekeo na kuyumba, na jedwali la ukinzani halifai tena. Upepo uvumao tofauti kwenye paa na mita elfu moja juu yake ni vigumu pia kuuingiza kwa usahihi.

Shule isiyo na kompyuta yaweza kuanza kwa kikokotoo na daftari. Ukinzani ukichukuliwa kuwa 0.0011 mara mraba wa mwendo, hatua ya kwanza huishusha risasi kutoka mita 715 hadi 709.4 kwa sekunde, na ya pili hadi 703.8, darasa likigawana hatua, kipindi kimoja chatosha kuifuata risasi mita mia kadhaa za mwanzo. Shule yenye kompyuta yaweza kuiandika programu nzima katika mistari isiyozidi 30. Jaribio la kwanza la kuihakiki ni kuufanya ukinzani kuwa sifuri na pembe kuwa nyuzi 45: isipotoa kilomita 52, kuna hatua iliyokosewa.