Jeep kwenye jezi ya Juve: Klabu ilikufa, straika bado anafunga

TURIN, ITALIA

MASHABIKI wa Juventus wamelizoea neno hilo. Jezi ya mistari myeusi na myeupe, halafu katikati ya kifua herufi nne tu: Jeep. Pirlo alilivaa. Pogba, Buffon na Tevez wakalivaa. Cristiano Ronaldo alipotua kutoka Real Madrid mwaka 2018 kwa Euro 100 milioni, naye akalikuta hapo hapo.

Makombe manane ya Serie A, kuanzia msimu wa 2012/13 hadi 2019/20, yalibebwa na jezi yenye neno hilo. Vilio viwili vya fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Berlin mwaka 2015 na Cardiff mwaka 2017, navyo vilililia jezi hiyo hiyo.

Kila mtu anajua Jeep ni gari. Wasichojua wengi ni kwamba klabu iliyomlea mpaka akawa staa ilishakufa zamani. Ilikuwa inaitwa American Motors Corporation, kwa kifupi AMC, na hadithi yake shabiki yeyote wa timu ndogo ataielewa bila kutafsiriwa.

Ligi ya vigogo watatu

Biashara ya magari Marekani miaka ya 1950 ilikuwa kama Serie A ya Juve, Milan na Inter. General Motors, Ford na Chrysler walikuwa wanagawana kila kitu. Waliobaki walikuwa wanapigania kutoshuka daraja.

Mmoja wao alikuwa Hudson wa Detroit. Uwanjani alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka 1952, magari ya Hudson yalishinda mbio 27 kati ya 34 za mashindano makubwa ya NASCAR. Lakini ubingwa haulipi mishahara. Vigogo walikuwa na pesa za kutoa gari jipya kila walipotaka, Hudson hakuwa nazo.

Mei 1954, Hudson akaungana na mnyonge mwenzake, Nash. Hapo ndipo AMC ilipozaliwa. Miezi michache baadaye bosi aliyesuka muungano huo, George Mason, akafariki dunia, na timu akaachiwa George Romney.

Romney alifanya anachofanya kocha mwenye kikosi chembamba: hakucheza mchezo wa wakubwa. Wao waliuza magari marefu yanayokunywa mafuta, yeye akaweka nguvu zote kwenye gari dogo, Rambler. Mwaka 1961, Rambler ilishika nafasi ya tatu kwa mauzo Marekani. Kadogo kakawatoa jasho vigogo.

Haikudumu. Romney aliondoka mwaka 1962 kwenda kugombea ugavana wa Michigan, vigogo nao walikuwa wameshaanza kutengeneza magari madogo yao, na AMC ikarudi kuhesabu senti.

Usajili wa 1970

Mwaka 1970, AMC ikafanya usajili uliobadilisha kila kitu. Ilimnunua Jeep kutoka kampuni ya Kaiser.

Wakati huo Jeep hakuwa staa. Alikuwa mkongwe wa Vita vya Pili vya Dunia, gari la wanajeshi lililokuja kuwa gari la wakulima na mafundi. Linapita popote, lakini lina kelele, lina mtikisiko, na si gari la kumpeleka mama mkwe kanisani.

AMC ikampeleka gym. Aliyeongoza kazi hiyo ni Roy Lunn, mhandisi Mwingereza ambaye kabla ya hapo alikuwa kwenye mradi wa Ford GT40, gari lililokwenda kuvunja utawala wa Ferrari kwenye mbio za Le Mans mwaka 1966. Baadaye akaja Mfaransa François Castaing, aliyetokea kitengo cha mbio cha Renault, kampuni iliyokuwa imeingiza pesa AMC. Timu masikini, lakini benchi la ufundi lilikuwa la Ligi ya Mabingwa.

Matokeo yake yakaitwa Cherokee, modeli ya mwaka 1984. Magari mengi ya aina yake yalikuwa bodi iliyobebeshwa juu ya chesisi nzito kama lori. Cherokee mpya bodi na chesisi vilikuwa kitu kimoja. Likawa jepesi, fupi, linaendeshwa mjini kama gari dogo, na bado tairi zote nne zinavuta kwenye tope. Likatengenezwa hadi mwaka 2001, karibu magari milioni tatu. SUV nyepesi za familia zinazojaa barabarani leo zinafuata njia ambayo gari hilo lilisaidia kuifungua.

Klabu yauzwa, uwanja wafungwa

Staa alikuwa amepatikana, lakini klabu ilikuwa hoi. Novemba 1986, bosi wa Renault, Georges Besse, aliuawa kwa risasi jijini Paris. Mrithi wake hakutaka tena mzigo wa Marekani. Mwaka 1987, Chrysler chini ya Lee Iacocca ikainunua AMC yote.

Haikuwa siri Iacocca alikuwa anamtaka nani. Alinunua klabu nzima ili ampate mchezaji mmoja.

Waliolipa gharama ni watu wa Kenosha, mji mdogo wa Wisconsin ambako magari yalikuwa yanatengenezwa tangu mwaka 1902. Desemba 1988, Chrysler ilisimamisha uundaji wa magari hapo, na watu wapatao 5,500 wakakosa kazi. Kikabaki kiwanda cha injini, nacho kikafungwa mwaka 2010, kisha kikabomolewa. Shabiki aliyewahi kuona uwanja wa timu yake ukivunjwa anajua uchungu wake.

Huko Detroit ilikuwa sherehe. Januari 1992, bosi wa Chrysler, Bob Lutz, akiwa na meya wa jiji pembeni yake, aliendesha Jeep Grand Cherokee mpya, akapanda nayo ngazi za ukumbi wa maonyesho na kupasua kioo kuingia ndani. Gari lililopigiwa makofi siku hiyo lilianza kuchorwa ndani ya AMC.

Mpaka kwa Bibi Kizee

Baada ya hapo Jeep akawa mchezaji anayehama na kila tajiri. Mwaka 1998 akaenda kwa Wajerumani wa Daimler, mwaka 2007 kwa mfuko wa uwekezaji wa Cerberus. Mwaka 2009 Chrysler ikafilisika, Fiat ikaingia.

Fiat ni nyumba ya familia ya Agnelli, na familia hiyo imeishika Juventus tangu mwaka 1923. Straika wa Kenosha na Bibi Kizee wa Turin wakajikuta chini ya paa moja. Mwaka 2012 Jeep akapanda kifuani.

Mkataba uliisha mwaka 2024, Juve ikaanza msimu bila mdhamini mkuu kifuani. Mwaka 2025 Jeep akarudi, na safari hii akaja na kampeni ya utalii ya jiji la Detroit, kule kule AMC ilikoanzia.

Neno AMC halimo kwenye jezi. Kenosha nayo haimo. Timu ndogo zikiuza, jina la aliyelea huwa halishonwi popote. Lakini kila Juve wanapotoka kwenye korido wakiwa na neno Jeep kifuani, kuna wazee Wisconsin wanaoweza kusema, bila kumwomba mtu ruhusa, kwamba huyo kijana walimlea wao.